Wameuza, wameondoka. Uchafu wa Ogoni sasa ni wa nani?

Jamani, kuna biashara tamu kuliko hii? Unaingia kwenye ardhi ya watu ambao hawakukuita. Unatoboa, unapitisha mabomba katikati ya mashamba yao, unavuta mafuta miaka nenda rudi. Mabomba yanazeeka, yanavuja, unayaacha. Visima vinaanza kunuka, samaki wanakufa, unasema ni kazi ya wezi. Watu wakipiga kelele, serikali inawanyamazisha kwa niaba yako. Wakienda mahakamani unawazungusha miaka kumi. Halafu siku moja unaiuza kampuni nzima, mabomba yake na makovu yake, unafunga virago na kuhamia kwenye visima vya katikati ya bahari, ambako hakuna mwanakijiji wa kukusumbua.

Kama mnadhani natunga hadithi, tuzungumze kuhusu Waogoni.

Waogoni wako kusini mwa Nigeria, jimbo la Rivers, kwenye delta ya mto Niger. Eneo lao ni dogo, kama kilomita za mraba 1,000 tu. Ni wakulima na wavuvi: muhogo, viazi vikuu, samaki, kaa, chaza, na konokono wanaookotwa kwenye matope ya mikoko. Mafuta yalipatikana kwao mwaka 1958, sehemu inayoitwa Bomu. Nigeria ilipata uhuru 1960. Maana yake ni kwamba mkoloni alishajua kilichoko chini ya miguu ya Waogoni kabla nchi yao haijapandisha bendera.

Bendera ikapanda. Je, Waogoni walipata nini? Sheria ya mwaka 1969 ikasema mafuta yote, popote yalipo, ni mali ya serikali kuu. Sheria ya 1978 ikaiweka ardhi mikononi mwa gavana wa jimbo. Kwa hiyo mwenye shamba akabaki na jembe, na harufu.

Mwaka 1990 wakaanzisha chama chao, MOSOP, wakaandika hati ya haki zao. Walidai mambo ya kawaida kabisa: sauti katika mambo yanayowahusu, sehemu ya mali inayotoka kwao, na mazingira yao yalindwe. Msemaji wao mkubwa alikuwa Ken Saro-Wiwa, mwandishi wa vitabu na mtunzi wa tamthilia za televisheni. Tarehe 4 Januari 1993 waliandamana watu wanaokadiriwa kufika 300,000, bila silaha, katika kabila lililokuwa na watu kama nusu milioni. Hebu piga hesabu mwenyewe. Hayo si maandamano ya wanaharakati wa semina. Ni kama kabila zima limetoka nyumbani. Mwaka huo huo Shell ikaacha kuchimba Ogoni.

Jeshi la Abacha likaingia. Mei 1994 wazee wanne wa Kiogoni waliuawa na kundi la watu, mauaji ya kikatili kabisa. Saro-Wiwa na wenzake wakakamatwa kwa mauaji hayo, wakapelekwa mbele ya mahakama maalumu isiyo na rufaa. Baadaye baadhi ya mashahidi wa serikali walisema kwamba walihongwa. Tarehe 10 Novemba 1995 watu tisa walinyongwa Port Harcourt. Dunia ikapiga kelele, Jumuiya ya Madola ikaisimamisha Nigeria uanachama, kisha dunia ikarudi kujaza mafuta kwenye magari.

Habari ya Saro-Wiwa wengi wetu tunaijua. Tunaipenda hata, kwa sababu ina shujaa na ina dikteta. Ninachotaka kusema mimi leo ni kile kilichofuata baada ya kamba, kwa sababu huko ndiko kuna somo letu.

Mafuta hayachimbwi Ogoni tangu 1993. Miaka zaidi ya 30! Basi ardhi ingekuwa imeshapumua, siyo? Haikupumua. Visima vilisimama lakini mabomba yalibaki. Bomba kubwa linaloitwa Trans-Niger liliendelea kupita hapo hapo, likibeba mafuta ya kwingine kwenda kituo cha meli cha Bonny. Yaani hata walipokataa kuchimbwa, waligeuzwa njia.

Mwaka 2008 bomba hilo likapasuka karibu na Bodo, mji wa wavuvi wa Kiogoni. Wenyeji wanasema lilianza kuvuja tarehe 28 Agosti. Lilizibwa tarehe 7 Novemba. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Desemba, likapasuka tena, likamwaga mafuta ghafi kwenye mikoko hadi Februari 2009. Nataka ukumbuke jambo moja hapa: hakuna mwizi aliyehusika na mipasuko hiyo miwili. Ilikuwa ni kiungo kibovu na chuma kilicholiwa na kutu. Kampuni yenyewe ilikubali hivyo.

Ni mafuta kiasi gani yalimwagika mara ya kwanza? Taarifa rasmi ilisema mapipa 1,640. Wataalamu huru walioangalia picha za video za mvujo wakasema ni zaidi ya mapipa 100,000. Mwaka 2014, kesi ikiwa mahakamani London, Shell ikakubali kwamba ile namba yake ilikuwa ndogo kuliko ukweli.

Na unajua watu wa Bodo waliletewa nini kama msaada Mei 2009? Mifuko 50 ya mchele. Mifuko 50 ya maharage. Unga wa muhogo, nyanya za kopo, mafuta ya karanga. Kwa mji wenye watu kama 69,000 ambao bahari yao imekufa. Ndugu zangu, hiyo hata shughuli ya arobaini haitoshi. Ofa ya kwanza ya fidia, kwa mujibu wa Amnesty, ilikuwa pauni 4,000 kwa mji mzima. Walipopata mawakili wa London na majaji wa Uingereza wakaanza kusoma nyaraka, ghafla mwaka 2015 zikapatikana pauni milioni 55. Milioni 35 zikagawanywa kwa watu 15,600, kama pauni 2,200 kwa kila mmoja, na milioni 20 zikaenda kwa jamii.

Kutoka 4,000 hadi milioni 55. Mafuta ni yale yale, mikoko ni ile ile, maiti za kaa ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anayesikiliza. Mtu akikuambia kwamba uchafuzi ni bahati mbaya, muoneshe namba hizo mbili. Bahati mbaya haina bei mbili. Hiyo ni hesabu. Kuna mtu alikaa ofisini akapima: kubadilisha bomba ni gharama, kusafisha ni gharama, na hawa watu wana uwezo gani wa kutufanya tulipe? Akaona hawana. Akaliacha bomba.

Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lile lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu Ogoni. Walipima zaidi ya sehemu 200, wakapitia zaidi ya faili 5,000 za wagonjwa. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale walikuta watu wanakunywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa kiwango kinachozidi mara 900 kile cha Shirika la Afya Duniani. Juu ya maji ya ardhini palikuwa na utando wa mafuta wenye unene wa sentimita 8. Chukua rula uone sentimita 8 ni kiasi gani. Kwingine mafuta yalikuwa yamezama udongoni mita tano na zaidi.

Na kuna sentensi moja katika ripoti hiyo ambayo kwangu mimi inazidi zote. UNEP walikwenda kwenye sehemu 15 ambazo kumbukumbu za Shell zilionesha kwamba usafishaji umekamilika. Katika sehemu 10 kati ya hizo, uchafu bado ulikuwa juu ya kiwango kilichowekwa na kampuni yenyewe na serikali. Theluthi mbili! Kwenye faili pasafi, kwenye udongo pachafu. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni karatasi, lakini tangu nisome sentensi ile siamini tena karatasi yenye mhuri wa "tumesafisha" kama sijaona mtu wa pale akichota maji.

UNEP wakasema kusafisha Ogoni kutachukua miaka 25 hadi 30, na kwamba ziwekwe dola bilioni 1 za kuanzia miaka mitano. Hiyo ni 2011. Usafishaji ukazinduliwa kwa hotuba na vigelegele Juni 2016. Kazi ya kuchimba udongo ikaanza 2019. Kati ya ripoti na jembe ni miaka minane. Mtoto aliyezaliwa Ogale mwaka wa ripoti alishaingia shule ya msingi kabla jembe la kwanza halijagusa udongo.

Sasa najua watu watasema nini, kwa hiyo nianze kuwajibu mapema.

Watasema: lakini wenyewe wanaiba mafuta! Ni kweli. Kuna vijana wanatoboa mabomba na kupika mafuta kienyeji kwenye mikoko, na UNEP waliliandika hilo bila kuficha. Uchafu wao ni mbaya sana. Lakini jiulize kijana wa mvuvi, ambaye kaa wa baba yake wamekufa, atafanya kazi gani? Bomba limepita mlangoni, yeye hana umeme wala maji. Simtetei, lakini simkubalii mtu anayeanza kuhesabu historia pale mwizi alipotokea. Halafu tuwe wakweli: mwizi wa madumu hana meli. Mafuta ya wizi yanayofika nje ya nchi yanabebwa na wakubwa.

Watasema: tatizo ni serikali ya Nigeria, si wazungu. Hapo nakubali nusu. Katika ubia ule serikali, kupitia shirika lake la mafuta, ilikuwa na asilimia 55, Shell asilimia 30, Total 10 na Agip 5. Lile bomba la karibu na Ogale, penye benzini mara 900, lilikuwa la shirika la serikali. Mwaka 2001 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilikwishasema wazi kwamba Nigeria ilivunja haki za Waogoni, pamoja na haki ya afya na ya mazingira salama. Kwa hiyo serikali haina pa kujificha. Lakini tangu lini mshirika mmoja akiwa na hatia, wa pili anakuwa malaika? Wawili wakipika chungu kimoja, wote wana masizi.

Watasema: wewe mwenyewe unapanda daladala, unatumia petroli. Naam, natumia. Nalipia pia. Bei niliyolipa pale kituoni ilitakiwa iwe na gharama ya kuzuia kutu kwenye bomba la Bodo. Kama haikuwa nayo, basi tofauti hiyo ililipwa na mwanamke wa Bodo anayeokota konokono. Sikumtuma mtu amtoze yeye.

Turudi kwenye mahakama, kwa sababu wenzetu hawa hawakukaa kulia. Wakulima wanne wa delta walifungua kesi Uholanzi mwaka 2008. Mahakama ya rufaa ya The Hague ikawapa ushindi Januari 2021 kuhusu Goi, ambako ni Ogoni, na Oruma. Miaka 13. Baadhi ya waliofungua kesi walikuwa wamekwishakufa, na watoto wao ndio waliosikiliza hukumu. Fidia ya euro milioni 15 ikatangazwa mwishoni mwa 2022. Watu wa Ogale na wenzao wa Bille walianza kesi London mwaka 2015. Hoja ya kwanza ya kampuni mama ilikuwa kwamba mambo ya kampuni yake tanzu ya Nigeria hayaihusu. Ilichukua hadi Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza kusema kesi inaweza kusikilizwa huko. Juni 2025 Mahakama Kuu ikasema uchafu ambao haujaondolewa unaweza kushitakiwa hata kama ni wa miaka mingi. Kesi yenyewe ikapangwa 2027. Maji yenye benzini hayasubiri 2027.

Na katikati ya yote hayo, Machi 2025, Shell ikakamilisha kuiuza SPDC, kampuni yake ya mafuta ya nchi kavu Nigeria, kwa muungano wa makampuni unaoitwa Renaissance. Oktoba 2024 mamlaka ya Nigeria inayosimamia mafuta ilikataa mauzo hayo. Desemba, waziri akakubali. Si Shell peke yao: ndani ya mwaka 2024 Eni, ExxonMobil na Equinor nao walikamilisha kuuza makampuni yao ya Nigeria. Wakubwa wanatoka nchi kavu mmoja mmoja, kama wageni wanaonyanyuka kwenye shughuli wakijua vyombo bado havijaoshwa. Shell haijatoka Nigeria. Imebaki na visima vya bahari kuu.

Mimi sina ugomvi na Mnigeria kumiliki mafuta ya Nigeria. Hilo tulilidai tangu enzi za uhuru. Ugomvi wangu ni huu: aliyekula nyama amempa mwingine mifupa, na tunaambiwa tushangilie uzalendo. Kampuni iliyokuwa na mabilioni ilishindwa kusafisha kwa miongo. Je, mnunuzi aliyetoka kununua ndiye ataweza? Na akisema hawezi, mtu wa Bodo atamshitaki nani, na wapi?

Kana kwamba hayo hayatoshi, Juni 2025 Rais Tinubu aliwasamehe Saro-Wiwa na wenzake wanane. Msamaha! Unamsamehe mtu kwa kosa. Wanaodai haki yao walitaka kisemwe kitu kingine kabisa, kwamba hawakuwa na kosa. Na mwaka huo huo serikali yake ikawa katika mazungumzo ya kurudisha uchimbaji Ogoni. Mnaona mpangilio? Kwanza samahani kwa marehemu, kisha mtambo kwa walio hai, na udongo bado una mafuta ya zamani.

Sasa kwa nini nayasema haya nikiwa huku Afrika Mashariki? Kwa sababu na sisi tuna bomba. Kilomita 1,443, kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, na sehemu kubwa iko Tanzania. Linapita kwenye ardhi ya wakulima, na ya wafugaji na wawindaji kama Wabarabaig, Wataturu na Waakie, watu ambao sauti yao haifiki Dodoma kirahisi. Mwenye hisa kubwa, asilimia 62, ni TotalEnergies. Ndiyo, yule yule mwenye asilimia 10 kwenye ubia wa Nigeria. Mwaka 2024 alitangaza kuziuza hizo 10, mauzo yakakwama 2025. Na majirani zetu Kenya wameshaonja. Tullow ilipata mafuta Turkana mwaka 2012, na mwaka 2025 ikaiuza mali yake ya huko kwa Gulf Energy, hata kabla ya uzalishaji mkubwa kuanza. Mturkana amelala na mgeni mmoja, ameamka na mwingine.

Sisemi Chongoleani itakuwa Bodo. Teknolojia imebadilika, na sheria zimebadilika. Ninachosema ni kwamba maswali ya Bodo yanaulizwa kabla, siyo baada. Nimekaa kwenye semina za waandishi kuhusu mafuta. Tunapewa fulana na kofia, tunaoneshwa picha, tunatajiwa ajira na mapipa. Sijasikia mtoa mada hata mmoja akitaja fedha za kusafisha ziko benki gani, kwa jina la nani, na nani ana ufunguo. Na sisi wenyewe, na degree zetu, tunauliza kuhusu ajira halafu tunakwenda kupanga foleni ya chakula.

Mimi nadai mambo matatu, na nadhani hata mtu anayependa mafuta kuliko mimi hawezi kuyakataa.

Moja, fedha ya kusafisha iwekwe kando kabla pipa la kwanza halijauzwa, mahali ambapo wala kampuni wala waziri hawezi kuigusa. Nyumba tunayopanga mjini mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita mbele. Kampuni ya mafuta inaaminiwa kwa neno tu?

Mbili, hakuna kuuza hisa kabla mtu huru hajapima udongo na maji, na matokeo yakasomwa kwa wanakijiji kwa lugha yao. Muuzaji abaki na deni la uchafu wake hata akiuza. Ukiuza gari lililogonga mtu, kesi haiendi na gari.

Tatu, jamii ikisema hapana, iwe na maana ya hapana. Waogoni walisema hapana mwaka 1993, watu 300,000 kwa mara moja, na mafuta yakaendelea kupita chini ya vitanda vyao.

Saro-Wiwa aliuawa akiwa na miaka 54. Wale waliokuwa watoto siku ya maandamano sasa ni wazazi, na ndio wanaosubiri 2027. Kampuni waliyoandamana kuipinga imeshauza na kuondoka nchi kavu. Wao hawana pa kuhamia.

Ukikutana na mheshimiwa anayekusifia mafuta yetu, usimuulize tutapata shilingi ngapi. Muulize nani atabaki siku wenye kampuni watakapouza. Akisita, umeshapata jibu.